Mkono Mdomoni

Siku Wajerumani walipoziba midomo nilikuwa Ngamiani, Tanga, ndani ya kibanda umiza chenye benchi sita na watu wapatao arobaini. Ilikuwa Jumatano, Novemba 23, 2022. Saa za Doha ndizo saa zetu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kukesha. Watu walikuja saa kumi jioni wametoka kazini, wengine bado wana vumbi la saruji miguuni, wakalipa shilingi mia tano mlangoni wakajibana. Ujerumani dhidi ya Japani. Kabla ya filimbi, wachezaji kumi na mmoja wa Ujerumani walijipanga kwa picha ya timu, na kila mmoja akaweka kiganja mdomoni.

Banda likanyamaza kidogo. Halafu mtu wa nyuma akauliza, "Wana nini hawa, meno yanawauma?" Mwingine, anayefuatilia habari, akaeleza kwamba wamekatazwa kuvaa kile kitambaa cha mashoga, sasa wamenuna. Na wa tatu, ambaye nilikaa naye dawati moja shule ya msingi, akamgeukia rafiki yetu aliyekuwa kando yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kipa, nawe ziba mdomo basi, wenzio hao!"

Tulicheka. Naandika "tulicheka" kwa sababu nami nilicheka, tena si kicheko cha chini chini.

Kipa tulimwita hivyo tangu tukiwa na miaka kumi na minne, alipoanza kutudakia kwenye timu ya mtaa. Alikuja bandani siku ile kwa ajili ya Manuel Neuer, nahodha na golikipa wa Ujerumani, ambaye picha yake ilikuwa ukutani kwake muda mrefu kuliko kalenda yoyote. Aliposikia utani ule alitabasamu. Kisha akainua mkono wake mpana, ule uliookoa penalti zetu miaka yote, akauweka mdomoni kama Wajerumani. Kicheko kikarudi maradufu. Wakati wa mapumziko, Ujerumani ikiongoza kwa penalti ya Gündogan, alisema anakwenda kununua maji. Hakurudi. Hakuwaona Doan na Asano wakifunga katika dakika ya 75 na ya 83, wala hakukanyaga tena bandani hadi Kombe lilipokwisha.

Kazi yangu ni kusoma vitabu vya watu na kusema vimefaulu wapi na vimeshindwa wapi. Lakini katika miaka hii michache hakuna matini niliyoirudia kama Kombe la Dunia la Qatar. Nasema matini kwa makusudi. Mashindano makubwa ya michezo huandikwa kabla hayajachezwa: yana utangulizi, yana wahusika, yana lugha ya picha, na yana watu ambao mwandishi ameamua wasitokee ukurasani. Nchi mwenyeji huyaandika kwa mabilioni ili isomwe jinsi inavyotaka kusomwa. Wageni nao huja na kalamu zao. Katika Kombe lile pande zote mbili ziliandika sana juu ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao. Nataka kuuliza swali ambalo mhakiki yeyote angeuliza juu ya riwaya: hao watu wenyewe wako wapi ndani ya kazi hii?

Tuanze na utangulizi. Novemba 19, siku moja kabla ya mechi ya ufunguzi, rais wa FIFA, Gianni Infantino, aliwaita waandishi wa habari. Akasema kwamba leo anajihisi Mqatari, leo anajihisi Mwarabu, leo anajihisi Mwafrika, leo anajihisi shoga, leo anajihisi mlemavu, leo anajihisi mfanyakazi mhamiaji. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe alionewa utotoni kwa sababu ya nywele nyekundu na madoadoa usoni. Akasema Wazungu, kwa waliyoyatenda duniani kwa miaka 3,000, waombe radhi kwa miaka mingine 3,000 kabla ya kufundisha watu maadili.

Kama hotuba, ile ina nguvu. Takriri ya "leo najihisi" ni mbinu ya zamani ya washairi na wahubiri, na hoja ya ukoloni ilitugusa wengi wetu huku. Nakumbuka ilivyosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na alama za makofi. Lakini isome tena kama tamthilia ya mhusika mmoja. Kila anayetajwa katika orodha ile alikuwepo Doha siku ile, mwenye mdomo wake. Mwafrika alikuwepo. Wakenya kwa maelfu walikuwa walinzi, wahudumu, wasafishaji. Mmoja wao, kijana aliyekaa juu ya kiti kirefu karibu na Souq Waqif akiwaelekeza watu kwenye treni kwa kipaza sauti, alipendwa na dunia nzima kwa kuimba maneno mawili matatu. Mkenya mwingine, mlinzi aliyeandika mtandaoni kwa jina la kalamu la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikuwa amekamatwa mwaka 2021. Aliyeelekeza njia ya treni alipewa kipaza sauti. Aliyeeleza hali ya vyumba vya kulala alipewa kesi. Infantino hakuhitaji kujihisi wao. Angeweza kuwapisha kwenye kiti.

Na shoga alikuwepo pia. Oktoba ya mwaka ule shirika la Human Rights Watch lilitoa maelezo ya watu wa Qatar waliosema walikamatwa na kupigwa mikononi mwa vyombo vya usalama, serikali ilikanusha. Daktari mmoja Mqatari, Nas Mohamed, alijitangaza hadharani mwaka ule akiwa San Francisco, kwa sababu nyumbani asingeweza. Siku chache kabla ya Kombe, balozi wa mashindano na mchezaji wa zamani wa Qatar, Khalid Salman, aliiambia televisheni ya Ujerumani kwamba ushoga ni hitilafu akilini. Kwa hiyo katika mwezi mmoja tulimsikia mtu akisema anajihisi shoga na mwingine akisema shoga ni mgonjwa. Wote wawili hawakuwa mashoga. Hapo ndipo utangulizi ulipotuonyesha kitabu chote kitakavyokuwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasoma haya nikiwa nimekaa London. Sherehe ya ufunguzi, Novemba 20, niliitazama kwetu na mama na shangazi zangu. Wakati Ghanim Al Muftah, kijana aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili, alipomjibu Morgan Freeman kwa aya ya Qur'ani inayosema tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane, shangazi alifuta machozi, nami koo lilinikaba. Tumetazama sherehe za watu wengine maisha yetu yote. Kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia lilifunguliwa kwa maneno ambayo bibi yangu angeyatambua. Yeyote atakayehakiki Qatar bila kuihesabu furaha ile anaihakiki nusu.

Lakini maneno yale ya kujuana yana uzito, na aliyeyatamka jukwaani amejitwisha mzigo. Sisi tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu huitaja kama salamu ya heshima, wakapita. Ukiitazama vizuri, inamweka mwenyeji katika hali ya mgonjwa. Mgeni akija, kinapikwa kile ambacho hakipikwi kila siku, na mtoto wa nyumbani aliyekuwa hapati nyama anapata. Kupona kwa mwenyeji ndiyo faida ya ugeni. Waandaaji wa Qatar walirudia mara nyingi kwamba kila mtu anakaribishwa, ila aheshimu utamaduni wetu. Hiyo ilikuwa ahadi kwa mgeni wa siku 29. Haikusema lolote juu ya mtoto wa nyumbani, ambaye sheria ya nchi inamhesabu mhalifu kabla ya mashindano na baada yake. Na hata mgeni mwenyewe ahadi ilimponyoka mlangoni. Novemba 21, kwenye mechi ya Marekani na Wales, mashabiki wa Wales walivuliwa kofia zenye rangi za upinde wa mvua, akiwemo nahodha wao wa zamani wa wanawake, Laura McAllister. Mwandishi Grant Wahl alizuiliwa nje ya uwanja uleule kwa sababu ya fulana. Mwandishi mmoja wa Brazil alisumbuliwa kwa bendera ya jimbo la Pernambuco, ambayo ina upinde wa mvua kwa sababu zake yenyewe. Rangi zilikuwa zimeogopwa mpaka bendera ya jimbo la watu ikasomwa vibaya.

Sasa wageni. Timu saba za Ulaya, yaani Uingereza, Wales, Uholanzi, Ubelgiji, Denmark, Uswisi na Ujerumani, zilikuwa zimetangaza kwamba manahodha wao watavaa kitambaa kilichoandikwa OneLove. Ukikitazama kitambaa kile kama mhakiki wa picha, cha kwanza unachoona ni woga wake. Si bendera ya upinde wa mvua. Ni moyo wa mistari ya rangi nyingine, wenye namba moja katikati, na maneno ambayo yangeweza kuwa tangazo la soda. Kilianzia Uholanzi mwaka 2020 kama kampeni ya kupinga ubaguzi wa kila aina, na kilichorwa kisimuudhi mtu. Hata hivyo kilikatazwa. FIFA ilishikilia kanuni kwamba nahodha huvaa kitambaa kilichotolewa na FIFA, na saa chache kabla ya mechi ya Uingereza na Iran ikaeleweka kwamba atakayekaidi ataonyeshwa kadi ya njano. Mashirikisho yote saba yakarudi nyuma siku hiyohiyo kwa taarifa moja ya pamoja.

Kadi ya njano. Nahodha hupata kadi hiyo kwa kumvuta mtu jezi katikati ya uwanja dakika ya 88. Ndiyo bei iliyoandikwa kwenye kitambaa, na ilionekana ghali.

Ninachokumbuka zaidi katika mechi ile ni upande wa pili. Wimbo wa taifa wa Iran ulipopigwa, wachezaji wa Iran walisimama midomo imefungwa. Nchini kwao watu walikuwa wakiuawa barabarani tangu kifo cha Mahsa Amini mwezi Septemba, na hao vijana walijua kwamba familia zao ziko Tehran na Tabriz. Hawakuvaa kitu, hawakuandika kitu, hawakutangaza kitu wiki mbili kabla. Walifungwa mabao 6 kwa 2. Katika mechi iliyofuata waliimba, kwa midomo isiyofunguka vizuri, na uso wa kila mmoja ulieleza kilichopita katikati. Mchana mmoja, kwenye nyasi zilezile, timu moja iliogopa kadi na nyingine ilihatarisha zaidi ya kadi. Mwalimu wa fasihi hawezi kuomba kinaya kilicho wazi zaidi.

Nimejitengenezea vipimo vitatu vya ishara kama hizi, na ninavitumia hata kwa mashairi ya kupinga dhuluma. Nani analipa? Nani anaambiwa? Nani hayupo? Wachezaji wa Iran walilipa wenyewe, waliwaambia watu wao wenyewe, na waliokosekana ndio hasa waliokuwa wakiombolezwa. Kitambaa kilifeli vipimo vyote vitatu. Hakuna aliyelipa, kilichokuwa kinaambiwa ni kamera za nyumbani Ulaya, na asiyekuwepo ni yule mtu wa Doha ambaye kilidai kumtetea.

Mkono mdomoni ulifaulu kidogo zaidi. Siku ile mshika kibendera alikikagua kitambaa cha Neuer, kile kilichoruhusiwa na FIFA, kuhakikisha hakuna kingine kimefichwa chini ya mkono wa jezi. Wachezaji wakaziba midomo, na shirikisho lao likasema kwamba kuwanyima kitambaa ni sawa na kuwanyima sauti. Picha ni nzuri. Isingekuwa nzuri nisingekuwa naiandika. Tatizo ni kwamba Wajerumani hawakunyimwa sauti. Walikuwa na sauti nyingi kuliko karibu kila mtu katika uwanja ule. Waziri wao wa mambo ya ndani, Nancy Faeser, alikaa jukwaani karibu na Infantino amevaa kitambaa kilekile mkononi, na hakuna aliyemtoa. Siku sita baadaye, Novemba 29, ikatangazwa kwamba Qatar itaiuzia Ujerumani gesi kwa miaka isiyopungua 15, hadi tani milioni mbili kwa mwaka. Wakati wa baridi ulikuwa umefika na gesi ya Urusi haipo. Sisemi watu wakae gizani ili wawe wasafi. Nasema ukiisoma ile picha pamoja na ule mkataba, mkono mdomoni unaonekana pia kama mkono wa mtu anayekula.

Mashabiki wa Qatar waliijibu ishara kwa ishara. Ujerumani ilipocheza na Hispania, baadhi yao waliziba midomo huku wameinua picha za Mesut Özil, mchezaji aliyeachana na timu ya Ujerumani mwaka 2018 akilalamika kwamba akishinda ni Mjerumani na akishindwa ni mhamiaji. Lilikuwa jibu kali, na lilikuwa na ukweli. Ila nalo lilihamisha mazungumzo. Sasa tulikuwa tunajadili nani mnafiki zaidi, Ulaya au Ghuba, na katika mjadala huo mtu wa tatu anaweza kukaa kimya hadi apotee.

Sisi pia tuna nafasi yetu katika mjadala huu, na tumeisoma vibaya mara nyingi. Mei 2022 Idrissa Gueye wa Senegal hakucheza mechi ya Paris Saint-Germain dhidi ya Montpellier, ambayo wachezaji walivaa namba za rangi za upinde wa mvua. Ufaransa ilimshambulia, rais wake Macky Sall akamtetea, na mtaani kwetu akawa shujaa wa wiki. Mimi bado naamini kwamba kumlazimisha mtu avae asichokiamini hakumfundishi kitu. Jezi ya lazima ni sare. Lakini tulipomshangilia Gueye kwa kukataa, tulikuwa tunashangilia dhamiri ya mtu mmoja dhidi ya wengi. Basi dhamiri hiyohiyo tulipaswa kumpa mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi yetu.

Hata neno lenyewe tumelifanyia ukatili. Huku pwani "shoga" ni neno la wanawake. Mama yangu ana shoga yake wa miaka arobaini, wamefundana, wamezikana wazazi, na kila Ijumaa simu inaanza kwa "shoga yangu". Neno la usiri na mapenzi ya kirafiki. Wanaume tukalichukua, tukalitia sumu, tukalitupa kama jiwe, na sasa linakaa nyumba mbili kwa wakati mmoja: sebuleni kwa mama ni asali, bandani ni tusi. Hata maneno ya utani ule wa Novemba 23 yalikuwa ya upole. "Wenzio hao." Mwenzio ni neno zuri kabisa.

Kuna wakati kalamu ya wageni na ya wenyeji hugongana kwa namna ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuiandika. Seattle, mojawapo ya miji ya Kombe la Dunia la 2026, iliamua mapema kwamba mechi yake ya Juni 26 itaambatana na sherehe za mji za watu wa upinde wa mvua. Uamuzi ulikuja kabla ya kujulikana nani atacheza. Droo ya Desemba 2025 ikaleta Misri na Iran. Mashirikisho ya nchi zote mbili yakapinga. Watu walicheka mtandaoni, nami nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nchini Iran adhabu yake yaweza kuwa kifo. Jukwaani siku ya mechi huenda atakuwepo kijana wa Kiirani au wa Kimisri aliyekimbilia Marekani kwa sababu hiyo hasa, amevaa jezi ya nchi yake. Yeye ndiye msomaji ambaye ningependa kumsikia, wala si mashirikisho.

Na sasa zamu ni yetu. Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa ombi lililopewa jina zuri la Pamoja. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini miezi minne kabla, Rais Museveni alikuwa ametia saini sheria inayofikia kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa inayoyaita ya hali mbaya zaidi. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha karibu yote Aprili 2024. Kenya ina kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Kwetu Tanzania kifungo kinaweza kufika maisha. Mizizi ya sheria hizi zote iko katika vitabu vya Mwingereza, aliyezileta akitokea India. Ndiyo maana nashindwa kumwelewa anayesema kwamba kuzitetea ni kutetea mila za babu. Babu hakuziandika.

Je, ningetaka tunyang'anywe mashindano? Kuna mfano ambao watu huutaja. NBA iliondoa mechi yake ya nyota wa 2017 kutoka Charlotte kwa sababu ya sheria ya North Carolina ya 2016, sheria ikalegezwa, na mchezo ukarudi 2019. Kule wenye hoteli na wapiga kura walioudhika waliweza kuwageukia wabunge wao. Hapa nafikiri ingekuwa kinyume. Tungenyang'anywa mashindano, na jioni hiyohiyo mtu angegeuka kwenye benchi na kusema, "Kipa, mmetunyima mpira." Anayetaka kumsaidia mtu asianze kwa kumfanya sababu ya njaa ya jirani zake. Kwa hiyo simwombi mgeni yeyote atuletee kitambaa mwaka 2027. Naomba tukisome kitabu chetu wenyewe kabla hakijachapwa. Viwanja vilianza kujengwa Arusha, Nairobi na Hoima, na wimbo wa ufunguzi utakuwa na neno "pamoja" si chini ya mara ishirini. Tutakapoliimba, tujue linamhesabu nani.

Tulipata mazoezi. Agosti 2, 2025, mashindano ya CHAN yalifunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Tanzania dhidi ya Burkina Faso. Kipa alikuwa amehamia Dar es Salaam zamani, na tulikuwa tumebakiza salamu za Idd na za misiba tu. Nilimwandikia kwamba nina tiketi mbili. Ikapita siku nzima. Kisha akajibu: "Geti gani?"

Nilimkuta nje, amenenepa kidogo, amevaa jezi ya Taifa Stars. Hatukuzungumza la maana hadi penalti ya kabla ya mapumziko ilipoingia na uwanja mzima ukasimama. Tulipokaa, aliniuliza bila kunitazama, kama mtu anayeuliza bei: "Siku ile ya Wajerumani, ulicheka nini?"

Nilikuwa na miaka karibu mitatu ya kufikiria jibu, na kazi yangu ni maneno. Sijawahi kumuuliza kama utani ule ulikuwa wa kweli, na hakuwahi kuniambia. Naona sasa kwamba si jambo ninalodaiwa kulijua. Nilimwambia lile lililokuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, na nilicheka ili wasigeuke kunitazama mimi.

"Najua," akasema. "Nilikusikia. Kicheko chako nakijua."

Kipindi cha pili kilianza. Stars walipata bao la pili, akashangilia hadi sauti ikakauka, kisha akaanza kumlaumu golikipa wa Burkina Faso, alisimama vibaya, miguu haikuwa tayari, akanionyesha kwa mikono yote miwili jinsi ambavyo yeye angesimama.